Askari akikuonea, andika hivi

Mimi ni katibu wa kijiwe cha bodaboda Buzuruga, hapa Mwanza. Kwa vile mwandiko wangu unasomeka, kila mwenzetu akikwaruzana na askari analetwa kwangu. Nimeandika barua za kutosha kujua ipi inafunguliwa jalada na ipi inafungiwa maandazi.

Cha kwanza ni namba, si sura. "Askari mrefu, maji ya kunde" hakuna atakayemtafuta. Shika namba ya kifuani. Mimi niliwahi kutoa 20,000 barabara ya Musoma, bila risiti. Nikaiandika namba yake kiganjani kwa kalamu ya kuazima, mvua ikanidaka njiani. Kufika kijiweni zimebaki tarakimu mbili na wino wa bluu. Barua ile sikuiandika. Siku hizi najitumia ujumbe kwenye simu palepale, saa inajiweka yenyewe.

Barua iwe ukurasa mmoja. Chini ya "YAH: MALALAMIKO" eleza tukio tu: "Saa 11:40 jioni, askari mwenye namba hii alichomoa ufunguo wa pikipiki yangu, akaniambia tuongee pembeni." Taja aliyeshuhudia. Yale ya "polisi wote ndio walewale" yaache kijiweni.

Mpelekee mkuu wa kituo chake. Kama mlalamikiwa ndiye mkuu mwenyewe, panda kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, Nyamagana au Ilemela, au kwa RPC, kamanda wa polisi wa mkoa. Nenda na nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Bila muhuri hujapeleka kitu. Ikiwa ni rushwa, piga 113 ya Takukuru. Nakala nyingine ipeleke Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, wana ofisi hapahapa Mwanza.

Vijana huniuliza: chama cha wafanyakazi cha polisi hakitamkingia kifua askari? Hapa hakipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imewaweka nje polisi, sawa na wanajeshi na Magereza. Kumwadhibu au kumwacha ni juu ya wakubwa zake. Marekani, kwenye miji mingi, mkataba wa chama cha polisi ndio unaopanga askari ahojiwe vipi, na aliyefukuzwa anaweza kurudishwa kazini na mwamuzi hata kama mkuu wake hamtaki. Afrika Kusini wana POPCRU, chama cha polisi na magereza, tangu 1989. Mkuu wa kule anaweza kusingizia mkataba. Wa kwetu hana pa kusingizia, ndiyo maana cheo chake nakiandika juu kabisa, kwa herufi kubwa. (Askari naye namhurumia. Akizungushwa posho yake, hana kijiwe wala katibu.)

Siku 14 zikipita kimya, rudi na ile nakala yenye muhuri uulize jalada limefikia wapi. Wahi kabla ya saa nne asubuhi, na helmeti uivulie nje.