Nimonia ya msafiri aliyetoka Thailand: usiikose melioidosisi

Mgonjwa wa kisukari karudi Dar kutoka Thailand kipindi cha mvua. Ana homa, picha ya kifua inaonyesha tundu sehemu ya juu ya pafu, GeneXpert (kipimo cha TB) hasi mara mbili. Huenda ni melioidosisi, maambukizi ya bakteria aitwaye Burkholderia pseudomallei. Kabla hujamwanzishia dawa za TB kwa kubahatisha, pitia hatua hizi.

1. Uliza alikopita, hata miaka ya nyuma. Dalili nyingi huanza ndani ya wiki tatu, lakini bakteria huyu wa udongo na maji anaweza kujificha mwilini miaka mingi.

2. Kabla ya dawa, chukua damu, makohozi, mkojo, swabu ya koo, na usaha kama upo.

3. Piga simu maabara. Fomu iliyoandikwa "nimonia" tu haitoshi: Burkholderia pseudomallei huandikwa "Pseudomonas" au uchafu wa sampuli, kisha sahani ya kuoteshea inatupwa. Taja melioidosisi waziwazi, kwanza kwa usalama wa wahudumu wa maabara (sahani zifunguliwe ndani ya kabati la usalama, na mtu asizinuse), pili ili makohozi yaoteshwe kwenye agari ya Ashdown (chakula maalumu cha kumwotesha bakteria huyu), maana kwenye agari ya kawaida bakteria wa mdomoni humfunika. Mashine za utambuzi nazo wakati mwingine humpa jina la ndugu yake, B. thailandensis. Mimi naziamini zaidi diski tatu za antibiotiki za bei rahisi: jentamisini na kolistini hazimgusi, amoksilini-klavulanati inamzuia. Ukiona hivyo kwa bakteria wa gramu hasi mwenye oksidesi chanya (vipimo vya kawaida vya maabara), anza tiba huku ukisubiri uthibitisho. (Sarawak, Malaysia, wapo bakteria hawa wanaouawa na jentamisini.) Majibu hasi yasikutulize: kuotesha hunasa takriban wagonjwa 6 tu kati ya 10, kwa hiyo rudia. Bakteria huyu akiota kutoka kooni inatosha kuthibitisha ugonjwa, kwani kwa kawaida haishi hapo.

4. Ultrasaundi ya tumbo kutafuta majipu: ini, wengu, tezi dume.

5. Seftriaksoni tuliyoizoea iache. Toa seftazidimu g 2 kila saa 6, au meropenemu g 1 kila saa 8 kwa mahututi, kwa mshipa, siku 14 angalau. Punguza dozi kama figo ni dhaifu. Homa ikidumu wiki nzima usikimbilie kubadilisha dawa, tafuta jipu kwanza.

6. Kisha vidonge vya kotrimoksazoli vya mg 480 kwa miezi 3: vidonge 4 asubuhi na 4 jioni kwa anayezidi kilo 60, vitatu-vitatu kwa kilo 40 hadi 60. Ongeza foliki asidi, pima potasiamu na kreatinini. Wengi huacha wakishapata nafuu, na ugonjwa hurudi. Tarehe ya kidonge cha mwisho iandike kwenye kadi yake.