SOMO: Mtoto wa shingo upande na kisogo bapa (soma kabla hujaniuliza inboksi)

Wiki hii nimejibu swali hili mara sita, ya mwisho nikiwa nimesimama ndani ya matatu ya Umoja na mfuko wa sukuma wiki mkononi. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia linki, asininunie.

Kijana wangu alianza kuinamisha kichwa kulia huku uso ukitazama kushoto akiwa na wiki tatu. Kufikia miezi miwili, kisogo kilikuwa kimebonyea upande wa kushoto kama embe lililokaa chini ya gunia. Kliniki ya kwanza waliniambia itaisha yenyewe. Haikuisha. Jina la kitaalamu la shingo ni tortikolisi: msuli wa upande mmoja umekaza, basi mtoto analalia palepale kila siku, na fuvu lake bado laini.

Mifano yote hapa ni ya mtoto anayeinama KULIA na kutazama KUSHOTO. Wako akiwa kinyume, geuza kila kitu.

1. Apimwe kwanza. Kliniki ya chanjo ya wiki sita isipite bila kuuliza. Omba waangalie na nyonga, maana matatizo haya mawili huandamana kwa baadhi ya watoto. Kisha uandikiwe barua ya kumwona fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

2. Geuza kitanda. Ukuta uwe kushoto kwake. Mlango, mwanga na wewe muwe kulia.

3. Kila kizuri kitoke kulia. Chupa, kayamba, sauti ya baba.

4. Kifudifudi akiwa macho. Dakika tatu hadi tano, mara mbili tatu kwa siku, ukiongeza polepole. Juu ya kifua chako pia inahesabika. Akilia, kunja leso umwekee chini ya kifua. Akisinzia, mgeuze. Usingizi ni CHALI, usiku na mchana, hata kama kisogo ni bapa.

5. Kunyoosha shingo. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hivyo soma polepole.

Mazoezi ni mawili. La kwanza: mtoto amelala chali, unazuia bega la kulia lisipande, unaleta sikio la kushoto taratibu kuelekea bega la kushoto. La pili: unazuia bega la kushoto lisiinuke, unageuza kidevu kuelekea bega la kulia. Sisi tuliambiwa tushikilie sekunde 30, mara tatu, kila tunapobadilisha nepi. Wewe fuata hesabu ya fizio wako.

Sasa, fizio alipokuwa akinionyesha, niliegemeza simu kwenye chupa ya uji nikarekodi kwa kamera ya mbele, ili nione kama sote tumeingia kwenye picha. Simu yangu ile ilihifadhi video kama kioo: kulia kukawa kushoto. Siku kumi na moja nikanyoosha upande ambao haukuwa na shida. Mara nne tano kwa siku, kwa bidii zote, na dada wa kazi nikamfundisha vilevile. Tuliporudi, fizio akapima, akanitazama, akasema, "Hebu nionyeshe unavyofanya." Nilitamani sakafu inimeze. Tangu siku hiyo kila nepi naiandika alama ya X kwa kalamu upande wa kulia kabla sijamfunga.

Maonyo:
- Usianze kutoka kwa video, hata maelezo yangu haya. Mikono ya fizio kwanza, yako baadaye.
- Usivute kwa nguvu. Mtoto akikaza mwili, acha. Akibadilika rangi au pumzi, acha kabisa umpeleke hospitali.
- Upande wa kulia wa mtoto si upande wako wa kulia mkiwa mmetazamana. Najua unajua. Hata mimi nilijua.

6. Namna ya kubeba. Mlaze kwa ubavu wa kulia, mgongo wake kifuani pako, mkono wako ukipita kati ya sikio la kulia na bega. Unatembea naye nyumba nzima na shingo inanyooka bila kilio. Mwambie fizio akusahihishe mshiko.

7. Picha. Kila wiki mbili, kutoka juu ya utosi, nywele zikiwa zimeloa. Kwa macho ya kila siku hutaona mabadiliko, utakata tamaa bure. Kwetu shingo ilitangulia, kichwa kikafuata kwa miezi.

MASWALI

Mama Pendo: Asante dada. Ule mto wenye shimo katikati unauzwa wapi hapa tao?

Mwandishi: Sitakuambia. Mto kwenye kitanda cha mchanga unaweza kumziba pumzi. Hata mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo Novemba 2022 kwamba mito ya kutengeneza kichwa isitumiwe. Rudi hatua ya 4.

Mkaazi wa Kayole: Shosho anamkanda kichwa kwa maji moto na mafuta kila jioni kirudi mviringo. Inasaidia?

Mwandishi: Fuvu halifinyangwi kama chapati. Mwambie shosho amkande miguu, na kazi ya kumwita mtoto kutoka upande wa kulia ampe yeye. Kwetu nyanya ndiye aliyekuwa hodari kuliko sote, ana nyimbo zisizoisha.

Baba Tumaini: Swali la kutaka kujua tu. Kama msuli wa kulia ndio umekaza, mbona uso unaangalia kushoto? Si ungevutwa kulia?

Mwandishi: Swali zuri, na ningeliuliza mapema singepotea. Simama mbele ya kioo, geuza uso wako kushoto. Unaona kamba iliyojitokeza shingoni upande wa kulia? Ndiyo huo msuli. Umeanzia nyuma ya sikio la kulia ukashuka mpaka mfupa wa kifua na mtulinga. Ukijikunja, unashusha sikio kwenye bega lake na papo hapo unasukuma kidevu upande wa pili. Ndiyo maana mazoezi ni mawili na yanaelekea pande tofauti. Wengine huwa na kinundu kigumu kwenye kamba hiyo wiki za kwanza. Kionyeshe daktari, mara nyingi ni sehemu ya tatizo hilihili.

Baba Tumaini: Nimejaribu hapa ofisini, wenzangu wananishangaa. Na nitajuaje kama ni kulala tu, si mifupa ya fuvu iliyoshikana mapema?

Mwandishi: Kujua kabisa ni kazi ya daktari. Lakini mtazame kutoka juu. Kwa ubapa wa kulala, sikio la upande uliobonyea huwa limesogea mbele, na paji la uso upande huohuo limetokeza kidogo. Ukiona sikio halikusogea mbele hivyo, au ukipapasa tuta gumu kwenye maungio ya fuvu, usingoje kliniki ijayo.

Wa_Githurai: Wewe ni daktari wa kutuambia tusifanye hivi na hivi?

Mwandishi: Nimesema wapi mimi ni daktari? Hatua ya 1 umeiruka.

Mama Zuhura: Wangu ana miaka miwili, tangu jana shingo imekwenda upande, ana joto jingi. Nianze zoezi lipi?

Mwandishi: Hakuna. Iliyokuja ghafla na homa si hii. Nenda hospitali SASA, utatuandikia baadaye.

Nekesa: Na ile helmeti ya kurekebisha umbo la kichwa?

Mwandishi: Hatukutumia, kwa hivyo sina la kujigamba wala kulaumu. Utafiti mmoja wa Uholanzi wa mwaka 2014, wenye watoto 84, haukuona tofauti kati ya waliovaa na wasiovaa. Lakini kuna vichwa vilivyobonyea sana ambavyo wataalamu bado huvipendekezea. Kama fizio wako anaitaja, umri una maana, basi usilaze swali hilo mpaka mwaka uishe.

Mama Pendo: Sawa, mto nimeacha. Wangu kwenye mkunjo wa shingo upande ulioinama pananuka na pamekuwa pekundu. Ni hiyo shida?

Mwandishi: Ni maziwa na jasho, hewa haifiki. Pangusa kwa maji vuguvugu, kausha kwa kitambaa laini ukigusagusa bila kusugua. Poda usiweke. Pakichubuka, onyesha kliniki. Sisi tulikuwa tunakausha palepale baada ya zoezi la kwanza, mkunjo ukiwa wazi.

Nekesa: Narudi kwenye ile video yako. Mtu atajuaje kama simu imegeuza?

Mwandishi: Tafuta maandishi yoyote nyuma yenu. Yakisomeka, iko sawa.

Nekesa: Nimefungua yangu. Kalenda ya ukutani inasomeka kinyume. Ngoja nimchukue tuanze upya.

Mwandishi: Amelala?

Nekesa: Ndiyo.

Mwandishi: Mwache. Kwanza mpigie fizio athibitishe upande. Zoezi litangoja nepi ijayo.