Namna ya Kuandaa Maoni Yako Kuhusu Mswada wa Teknolojia

Tangazo la kualika maoni ya wananchi kuhusu mswada huwa la aya chache tu, gazetini na katika tovuti ya Bunge: jina la mswada, kamati inayoushughulikia na siku ya mwisho ya kupokea maandishi. Muda wenyewe ni mfupi, na mswada unaohusu akili unde, sarafu za kidijitali au kamera za usalama umejaa maneno ambayo wengi wetu tunakutana nayo kwa mara ya kwanza. Nimeketi na majirani katika ukumbi wa mtaa hapa Eastlands, Nairobi, nchini Kenya, tukiandika maoni ya namna hiyo, na miswada miwili ya kwanza ilitushinda kwa kosa lile lile: tulianza na hofu zetu, tukazieleza kwa ukali, wala hatukusema popote ni sehemu ipi ya mtambo, na ni kifungu kipi cha mswada, kilichozizua. Njia ninayoieleza hapa ndiyo iliyotufaa baadaye, nayo huanza na mtambo kabla ya kuifikia sheria.

Pata nakala ya mswada wenyewe, wala usitegemee muhtasari wa magazeti. Soma kwanza maelezo ya malengo na sababu, ambayo huchapishwa mwishoni, kisha urudi kwenye kifungu cha fasili, ambacho kwa kawaida ni cha pili. Wasomaji wengi hukiruka kifungu hicho kwa kukiona kikavu, ilhali mara nyingi mjadala wote huamuliwa hapo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, kwa mfano, inaeleza data za kibayometria kuwa ni data za mtu zinazotokana na uchakataji maalumu wa kiufundi wa sifa za mwili au mwenendo wake. Kwa fasili hiyo, haitoshi mtu kujitetea kwamba ameifuta picha, ikiwa amebaki na kitu kilichotolewa katika picha hiyo.

Jambo hilo lilijitokeza waziwazi Nairobi mwezi wa Julai mwaka wa 2023, watu walipopanga foleni ndefu katika jumba la mikutano la KICC ili mboni zao zipigwe picha na kifaa cha Worldcoin, mradi wa sarafu za kidijitali, wakapewa sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo mapema mwezi wa Agosti. Katika mabishano yaliyofuata, wengi waliuliza kama picha za macho zilikuwa salama. Swali lililokuwa na uzito zaidi lilihusu msimbo, yaani mfuatano wa tarakimu unaotolewa kwenye picha ya mboni na kulinganishwa na misimbo mingine ili kuhakikisha kwamba mtu mmoja hajisajili mara mbili. Mwezi wa Mei mwaka wa 2025 Mahakama Kuu iliamuru data za kibayometria zilizokusanywa zifutwe, ikizingatia kwamba tathmini ya athari, yaani uchunguzi wa mapema wa madhara ambayo uchakataji wa data unaweza kuwaletea watu, haikuwa imefanywa ipasavyo na kwamba ridhaa iliyopatikana kwa kishawishi cha fedha haikuwa ridhaa halali.

Ukishaelewa fasili, chukua karatasi moja na uchore safari ya taarifa katika mtambo unaozungumziwa: ni nini kinachochukuliwa kwa mtu, kinageuzwa kuwa nini, kinahifadhiwa wapi, kinalinganishwa na nini, uamuzi gani unatoka, na nani anaweza kuurekebisha ukiwa na kosa. Hapa ndipo unapopaswa kutumia muda wako mwingi. Tuchukue mfano wa kamera zinazotambua nyuso. Programu hupima sura iliyo kwenye picha na kuigeuza kuwa orodha ya tarakimu, kisha hupima ukaribu kati ya orodha hiyo na nyingine zilizo kwenye hifadhi. Jibu la mtambo ni kiwango cha mfanano tu. Mtu fulani ameamua mapema kizingiti ambacho mfanano ukikivuka, jina hutolewa. Kizingiti kikishushwa, wanaosakwa wachache zaidi wataponyoka, lakini wasio na hatia wengi zaidi watasimamishwa. Kikipandishwa, mambo yanageuka. Hakuna fundi awezaye kuondoa mvutano huo kabisa, kwa hiyo kuchagua kizingiti ni suala la sera, ingawa mara nyingi huachiwa muuzaji wa mtambo.

Fanya hesabu kwa mkono wako mwenyewe. Tuseme watu 50,000 wanapita katika kituo kimoja cha matatu kwa siku, na mtambo hukosea mara moja kwa kila watu 1,000, kiwango ambacho tangazo la biashara lingekiita usahihi wa asilimia 99.9. Watu 50 wasio na hatia watatajwa kuwa wanasakwa siku hiyo. Ikiwa wanaosakwa kwa kweli waliopita ni watano, na mtambo ukawatambua wote, bado afisa aliye pale atakuwa na majina 55 mkononi, na karibu wote ni watu waliokuwa wakienda kazini. Hesabu ya namna hii katika waraka wako ina nguvu kuliko kurasa tatu za malalamiko, kwa sababu mjumbe wa kamati anaweza kuirudia mwenyewe.

Uliza pia kosa linamwangukia nani. Utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru, uliochapishwa mwaka wa 2018, ulipima programu tatu za kibiashara zilizokuwa zikikisia jinsia ya mtu kutokana na uso. Katika programu iliyofanya vibaya zaidi, kosa lilifika asilimia 34.7 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, ilhali kwa wanaume wenye ngozi nyeupe halikuzidi asilimia 0.8. Kazi ya programu hizo ilikuwa tofauti na ya kumsaka mtu kwa jina, na waraka mwaminifu utasema hivyo; lakini utafiti huo unatosha kuwa msingi wa kudai kwamba mtambo wowote utakaotumika nchini ujaribiwe kwanza kwa nyuso za watu wa hapa, na matokeo yachapishwe.

Kisha rudi kwenye mswada na ushike mambo machache. Kesi ya Huduma Namba, mfumo wa serikali wa kumsajili kila mkazi kwa namba moja ya utambulisho, inanifundisha hivyo kila ninapoisoma. Tarehe 30 Januari 2020, Mahakama Kuu haikuufuta mfumo mzima. Ilikataa ukusanyaji wa vinasaba (DNA) na wa mahali mtu alipo kwa satelaiti, na ikazuia mfumo kuendelea bila kanuni kamili za kuusimamia. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 2021 utoaji wa kadi ulibatilishwa kwa sababu mahususi vilevile: tathmini ya athari inayotakiwa na kifungu cha 31 cha Sheria ya Ulinzi wa Data haikuwa imefanywa. Hoja zilizoshinda zilikuwa nyembamba, zenye namba ya kifungu.

Usiandike kana kwamba kila teknolojia ni adui. M-Pesa ilianza mwaka wa 2007 kwa ruhusa ya Benki Kuu, na Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ikaja mwaka wa 2011. Huenda sheria kali ya mapema ingeizima. Kwa upande mwingine, programu za mikopo zilizokuwa zikipigia simu jamaa za wadaiwa na kuwaaibisha ziliachwa bila msimamizi hadi sheria ya Benki Kuu iliporekebishwa mwaka wa 2021. Kipimo changu katika kuamua kama tusubiri au tuzuie mapema ni kama madhara yanaweza kurekebishwa. Fedha zilizokatwa kimakosa hurudishwa, lakini mboni ya jicho ikishavuja haibadilishwi kama nywila.

Ukikosa hati muhimu, kama ripoti ya majaribio au tathmini ya athari, iombe kwa maandishi kwa kutumia Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016. Taasisi ya umma ina siku 21 za kujibu, na muda wa maoni unaweza kuisha kabla ya hapo, kwa hiyo ambatanisha nakala ya ombi lako na uisihi kamati iidai hati hiyo yenyewe.

Waraka wenyewe uwe na kurasa mbili au tatu. Eleza wewe ni nani, kisha kwa kila hoja taja kifungu, mtambo unavyofanya kazi mahali hapo, na maneno kamili unayopendekeza yawekwe. Badala ya kuandika kwamba faragha ilindwe, andika, kwa mfano, kwamba hakuna mtu atakayekamatwa kwa sababu ya mfanano wa mtambo pekee bila ushahidi mwingine. Andika kwa Kiswahili bila wasiwasi, kwani Ibara ya 120 ya Katiba inakitambua kuwa lugha rasmi ya Bunge. Mwelekezee Karani wa Bunge linaloushughulikia mswada, na ukiupeleka mwenyewe, omba nakala yako igongwe muhuri.

Ripoti ya kamati itakapowasilishwa, itafute na uone hoja yako imepokelewa vipi. Ikiwa imekataliwa, hifadhi rasimu na hesabu zako zote. Mambo kama kizingiti cha mfanano, muda wa kuhifadhi picha na njia ya kukata rufaa mara nyingi hayaandikwi katika sheria yenyewe. Huachiwa kanuni za Waziri, na sheria ya mwaka wa 2013 inayosimamia utungaji wa kanuni hizo inataka wale watakaoathirika washauriwe kabla hazijatolewa.