Kuendesha Sheli ya Amri Ndani ya Emacs

Sheli inayozungumziwa hapa si kituo cha mafuta, bali ni programu kama Bash au Zsh, ambayo hupokea amri zilizoandikwa na kuzifikisha kwa kompyuta ili zitekelezwe. Wengi huifungulia dirisha lake la terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kisha hushinda wakihama kati ya dirisha hilo na kihariri cha maandishi. Emacs, ambayo ni kihariri cha maandishi, inaweza kuibeba sheli hiyo ndani yake, na faida yake kubwa haiko katika kupunguza kuhamahama, bali katika kwamba kila kinachotolewa na amri huwa maandishi ya kawaida, unayoweza kuyatafuta, kuyakata na kuyanakili kama yaliyomo katika faili lolote.

Kwa amri moja ya haraka, huna haja ya sheli kamili. Bonyeza Alt-!, andika amri, kisha bonyeza Enter. Ukitanguliza Ctrl-u, matokeo yataingizwa pale kilipo kishale. Alt-| nayo hupitisha maandishi uliyoyateua katika amri, hivyo ukiteua orodha ya majina, ukabonyeza Ctrl-u Alt-| na kuandika sort, orodha hiyo itapangwa papo hapo.

Kazi ikiwa ndefu, andika Alt-x shell, yaani bonyeza Alt-x, andika shell, kisha Enter. Bafa jipya, yaani eneo la maandishi ndani ya Emacs, litafunguka likiwa na sheli yako ya kawaida inayosubiri amri. Alt-p hurudisha amri zilizotangulia, moja baada ya nyingine, lakini mimi hupendelea kupanda kwa kishale hadi kwenye amri ya zamani na kubonyeza Enter hapo hapo, kwa kuwa Emacs huinakili amri hiyo hadi mwisho wa bafa na kuitekeleza upya. Amri iliyokwama husimamishwa kwa Ctrl-c Ctrl-c, yaani mara mbili, kwa sababu Ctrl-c ya kwanza huchukuliwa na Emacs yenyewe. Matokeo yakirundikana, Ctrl-c Alt-o hulisafisha bafa. Ukihitaji sheli ya pili, tanguliza Ctrl-u kabla ya Alt-x shell, nawe utaulizwa jina la bafa jipya. Bila hivyo utarudishwa tu kwenye lile la kwanza, jambo linalowatatiza wengi wanaoanza.

Emacs hufuatilia saraka (folda) uliyomo kwa kuzitazama amri za cd, zile za kuhama saraka, unazoziandika, ndiyo maana Ctrl-x Ctrl-f ndani ya bafa hilo huanza kutafuta faili katika saraka hiyo hiyo. Hata hivyo, ukihama saraka kwa njia ya mkato uliyojitungia, Emacs hupoteza njia na hubaki ikidhani kwamba uko ulikokuwa. Alt-x dirs huiuliza sheli yenyewe mahali ilipo na kurekebisha kosa hilo.

Kasoro ya njia hii ni kwamba bafa hilo si terminali kamili. Programu zinazochora upya skrini nzima, kama top (inayoonyesha programu zinazoendeshwa) na less (inayoonyesha maandishi ukurasa kwa ukurasa), ama hukataa kufanya kazi ama huonyesha matokeo yaliyovurugika. Kwa less tiba ni rahisi: andika export PAGER=cat mwanzoni mwa kazi, na programu zinazoheshimu mpangilio huo, kwa mfano man inayoonyesha miongozo ya amri, zitamwaga maandishi yote moja kwa moja ndani ya bafa, ambamo kuyatafuta ni rahisi zaidi.

Kwa top na mfano wake, tumia Alt-x term, ambayo huiga terminali halisi. Humo karibu kila kitufe hupelekwa kwa programu inayoendeshwa badala ya Emacs, kwa hiyo Ctrl-c hushika nafasi ya Ctrl-x, ambayo kwa kawaida hutangulia amri nyingi za Emacs: Ctrl-c o hukupeleka kwenye dirisha jingine. Ukitaka kunakili kitu kutoka kwenye skrini, bonyeza Ctrl-c Ctrl-j ili bafa ligeuke kuwa maandishi ya kawaida, kisha Ctrl-c Ctrl-k ili kuirudisha terminali.