PGD (stashahada ya uzamili) ya mwaka mmoja au masta ya miaka miwili? Piga hesabu ya pointi za Kanada kabla hujalipa ada

Ndugu zangu mnaojipanga kuhamia Kanada kwa njia ya Express Entry, ule mfumo wa kuwapanga waombaji kwa pointi, naona wengi mnakimbilia masta kwa kuwa mmeambiwa inaongeza pointi. Kweli inaongeza, ila kaa kwanza na kalamu na karatasi, maana ada ikishalipwa hairudi na umri nao unakata pointi kila mwaka ukishafika miaka 30.

Chukua mtu wa miaka 31, hana mwenza, ana bachela moja na uzoefu wa kazi miaka mitatu hapa hapa nyumbani. Umri unampa 99, bachela 120. Kiingereza akifika CLB 9 (CLB ni kipimo cha lugha cha Kanada), yaani kwenye mtihani wa IELTS ya General apate 8 kwenye kusikiliza na 7 kwenye kusoma, kuandika na kuongea, anabeba 124. Halafu kuna pointi za mchanganyiko, pale elimu na uzoefu vinapokutana na lugha nzuri: bachela yake inampa 25, uzoefu 50. Jumla 418.

Sasa akisoma masta miaka miwili, elimu inapanda mpaka 135 na mchanganyiko wa elimu unakuwa 50. Hapo kaongeza 40. Lakini anamaliza akiwa na miaka 33 na umri umeshuka mpaka 88, kwa hiyo jumla ni 447, faida yenyewe hasa ni 29.

Akisoma PGD ya mwaka mmoja je? Bachela ya miaka mitatu au zaidi ukijumlisha na PGD vinahesabiwa kama vyeti viwili, elimu 128, na mchanganyiko anapata 50 ile ile ya mwenye masta. Anamaliza akiwa na 32, umri 94. Jumla 446. Yaani kapitwa pointi moja tu na aliyekaa darasani mwaka mzima zaidi na kulipa ada mara mbili! Hili watu hawaambiwi, na linaniuma kwa sababu wengi wanakopa kwenye saccos kwa ajili ya hiyo ada.

Ila yote hayo yanasimama kwenye IELTS, ndo maana nasema anza na IELTS kabla ya chuo. Wengi wanakwama kwenye kuandika, wanapata 6.5. Hiyo nusu tu inakutoa CLB 9 upande mmoja, na ukikosa upande mmoja mchanganyiko wote unashuka: kwa mwenye masta au PGD lugha inapungua 8, elimu 25, uzoefu 25. Pointi 58 zimeondoka kwa insha moja. Mwenye masta aliyeishia CLB 8 pande zote nne, akiwa na miaka 33, anabaki na 365, anazidiwa mbali na yule wa bachela aliyekaza Kiingereza. Kwa hiyo fanya mazoezi ya kuandika kila siku, tafuta mtu akusahihishe bila huruma, na kumbuka matokeo yanadumu miaka 2 tu, usije ukafanya mtihani leo halafu masomo yakamalizika wakati matokeo yamebakiza mwezi.

Na nisiwafiche, 446 peke yake bado ni ndogo, raundi nyingi za kawaida, pale Kanada inapowaita wenye pointi za juu waombe, zimekuwa zikikata juu ya 500. Kinachonyanyua watu ni Kifaransa, au jimbo likuteue upewe 600. Ukifika kiwango cha 7 pande zote nne za Kifaransa kwenye mtihani wa TEF Canada au TCF Canada unaongezewa 62 jumla, na kuna raundi za wanaojua Kifaransa peke yao ambazo pointi zake huwa chini kabisa. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi hapa mmeshatangulia, msiende kuisahau hiyo lugha mkang'ang'ania masta tu.

Chuo chagua cha nyumbani kinachotambulika na TCU, tume ya vyuo vikuu Tanzania, kwa Kenya CUE, usome huku unafanya kazi. Chuo Kikuu Huria kina vituo mikoani, mtu wa Songea au Kigoma haachi kibarua chake. Kabla ya kujiandikisha angalia kwenye tovuti ya WES, shirika linalotathmini vyeti vya nje kwa ajili ya Kanada, kozi yako inalinganishwa na nini Kanada, maana PGD isipotambuliwa kama cheti cha mwaka mzima hesabu yote niliyopiga hapo juu inakufa. Hizi masta za mtandaoni za miezi mitatu usiziguse, ukikamatwa na cheti cha uongo unafungiwa miaka 5.

Ukimaliza, omba transkripti ya kutuma WES siku hiyo hiyo. Kuna dada nafanya naye kazi, chuo kilimpa bahasha mkononi aipeleke mwenyewe kwa wasafirishaji, imegongwa muhuri kwenye mkunjo. Njiani kwenye daladala akaifungua kidogo tu aone kama maksi zote zipo, akairudishia gundi vizuri. Ikakataliwa, akaanza upya, miezi minne. Kwa hiyo omba nakala mbili, moja ya kwako uisome mpaka uchoke, na ile yenye muhuri usiiguse, hakikisha tu kabla haijafungwa kwamba majina yamefanana na ya kwenye pasipoti herufi kwa herufi.