Kutabiri kifafa kwa EEG: gawa data kwa shambulio, usigawe kwa kipande

Mtoto wa dada yangu alinijia Mwanga jioni moja, kompyuta mpakato ameibeba wazi mikononi. "Shikamoo mjomba. Nimepata asilimia tisini na tisa!" Modeli yake, yaani programu inayojifunza kutoka kwenye data, ilisoma EEG (rekodi ya mawimbi ya umeme wa ubongo) na kusema nusu saa kabla kwamba shambulio la kifafa linakuja.

Ninajua kwa nini alichagua kazi hii. Mdogo wake wa kike ana kifafa, na mwaka juzi aliangukia jikoni, mkono ukaishia kwenye mafiga. Dakika chache za onyo zingemtosha kusogea mbali na moto, kama ambavyo zingemtosha mvuvi wa dagaa kuketi chini kabisa ndani ya mtumbwi usiku ziwani. Kwa kitu chenye uzito huo sikuweza kumpongeza kabla sijaona data ameigawaje, ipi ya kufundishia modeli na ipi ya kuijaribia. Tulikesha hadi saa nane usiku. Naandika hapa tulichofanya, kwa anayejua Python kiasi na anayetaka kuanza.

Hatua ya 1: Pata rekodi

Tumia CHB-MIT, mkusanyiko wa rekodi za EEG za wagonjwa wa kifafa. Iko PhysioNet, hazina ya data za tiba mtandaoni, na ni bure. Ni visa 23 kutoka kwa watu 22, wengi wao watoto, waliorekodiwa katika hospitali ya watoto ya Boston, Marekani, kwa sampuli 256 kila sekunde. Usipakue yote, inazidi gigabaiti 40. Chukua folda ya chb01, yaani mgonjwa wa kwanza, peke yake. Saa moja ya rekodi ni kama megabaiti 42, folda nzima haifiki gigabaiti 2, bando la usiku linatosha. Usisahau faili la chb01-summary.txt, maana ndilo linalosema shambulio lilianza sekunde ya ngapi.

Hatua ya 2: Safisha

Fungua mafaili kwa MNE, maktaba ya Python ya kusoma EEG. Kila chaneli ni mawimbi kati ya elektrodi mbili, vile vipokezi vinavyobandikwa kichwani. Chaneli ya T8-P8 imewekwa mara mbili, tupa moja. Kichujio cha kuondoa mvumo wa umeme wa ukutani kiweke hezi 60. Vijana wetu wengi huweka 50 kwa mazoea kwa sababu ndio umeme wa Tanzania, lakini rekodi hizi zilichukuliwa Marekani.

Hatua ya 3: Weka lebo

Kata rekodi vipande vya sekunde 30. Kipande kinachoangukia kati ya dakika 35 na dakika 5 kabla ya shambulio kiite "kabla". Zile dakika 5 za mwisho ziache nje, ni muda wa mtu kujisogeza. Kipande kilicho saa 4 au zaidi kutoka shambulio lolote, mbele na nyuma, kiite "mbali". Vinavyobaki katikati vitupe, wala usivionee huruma.

Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza ni mpaka wa mafaili. Katika chb01_21 shambulio linaanza sekunde ya 327, maana yake karibu dirisha lote la "kabla" liko kwenye rekodi ya kabla yake. Programu inayosoma faili moja moja italikosa na haitakwambia. Panga kila kitu kwa saa halisi, siyo kwa sekunde za faili.

Wa pili ni mashambulio yanayofuatana. Kwenye chb01_03 shambulio linaanza saa 8 na dakika 33 mchana. Kwenye chb01_04 linakuja jingine saa 9 na dakika 7. Rudi nyuma dakika 35 kutoka hilo la pili: umefika saa 8 na dakika 32. Shambulio la kwanza lote limo ndani ya dirisha lako la "kabla", pamoja na ule uchovu wa ubongo unaofuata baada ya mtu kuanguka! Modeli itajifunza dalili za shambulio lililopita huku wewe ukidhani inaona lijalo. Sisi tuliondoa kila shambulio lililokuja ndani ya saa moja baada ya jingine. Kati ya 7 ya chb01 tulibaki na 5.

Hatua ya 4: Gawa data

Soma sehemu hii taratibu. Miaka kadhaa nyuma ilinila siku tatu, na ndipo ilipotoka ile tisini na tisa ya mpwa wangu.

Alikuwa amechanganya vipande vyote kwa train_test_split, amri inayogawa data kwa kubahatisha, asilimia 80 vya kufundishia na 20 vya kujaribia. Sasa chukua vipande viwili vinavyofuatana vya sekunde 30. Mtoto ni yule yule, kalala vile vile, elektrodi iliyolegea ni ile ile. Kimoja kikienda kwenye mafunzo na mwenzake kwenye majaribio, modeli haihitaji kujua chochote kuhusu kifafa. Inakumbuka tu jirani wa kipande kile alikuwa na lebo gani. Na ukiwa umekata vipande vinavyopandiana, ndiyo mbaya zaidi, sekunde zenyewe zimo pande zote mbili.

Dawa yake ni kuacha nje shambulio zima. Kila shambulio lipe namba ya kundi, kisha tumia LeaveOneGroupOut ya scikit-learn, maktaba ya Python ya kufundishia modeli: fundisha kwa manne, jaribu kwa la tano, zungusha mara tano.

Lakini kundi la "kabla" peke yake halitoshi, na mimi ndipo nilipokwama. Nilikuwa nimegawa "kabla" kwa shambulio, halafu vipande vya "mbali" nikaviacha vichanganyike. Matokeo yakaendelea kung'aa kwa sababu nusu ya mtihani bado ilikuwa imevuja. Vipande vya "mbali" navyo vikate kwa mafungu ya saa zinazofuatana, kila fungu liende na shambulio moja, lisiguse mengine.

Angalia pia saa za siku. Kama "mbali" yako karibu yote ni ya usiku na "kabla" ni ya mchana, umejenga kipima usingizi. Chora saa za vipande vyote kwenye karatasi kabla hujaendelea. Na wastani unaotumia kusawazisha vipimo (vya Hatua ya 5) ukokotoe kutoka upande wa mafunzo tu, ndani ya kila mzunguko. Kuchagua chaneli bora kunafuata sheria hiyo hiyo.

Tulipoendesha upya, mashambulio mengine iliyaona, mengine ikapita kama hayapo. Kijana alikaa kimya, anasugua goti. "Kwa hiyo ile ya kwanza ilikuwa nini, mjomba?" Nikamwambia ilikuwa kumbukumbu.

Hatua ya 5: Vipimo na modeli

Pima nguvu ya mawimbi ya delta, theta, alfa, beta na gama, yaani kuanzia ya polepole hadi ya haraka, kwa kila chaneli, kwa njia ya Welch (hukadiria nguvu ya kila kasi ya wimbi). Kisha msitu nasibu, yaani Random Forest, modeli ya miti mingi ya maamuzi inayopiga kura. Mitandao ya neva yenye tabaka nyingi iache kwanza. Kwa mgonjwa mmoja mwenye mashambulio matano itakariri tu, na hutajua imekariri nini.

Hatua ya 6: Pima kwa kengele

Asilimia ya vipande iliyopatia sahihi haimsaidii mgonjwa. Hesabu vitu viwili: mashambulio mangapi yalitanguliwa na kengele, na kengele ngapi za uongo kwa saa. Sisi kengele hulia vipande 8 kati ya 10 vinavyofuatana vikisema "kabla", kisha inabaki imewaka nusu saa.

Halafu tupa kengele nyingi kama hizo mahali popote kwa kubahatisha, mara elfu moja, uone bahati peke yake ingepata mashambulio mangapi. Modeli isipoizidi bahati, rudi hatua ya 3.

Kengele 0.5 za uongo kwa saa inasikika ndogo, ila ni 12 kwa siku. Kijana alimpigia mdogo wake kumuuliza angevumilia ngapi kwa siku. Alisema moja, zikizidi angekizima. Tuliiandika namba hiyo juu ya programu. Dawa zake anaendelea kumeza kama daktari alivyoagiza, hakuna kidonge kinachoguswa kwa ajili ya kitu tunachokijaribu.

Ukiwa tayari kuongeza wagonjwa wengine, kumbuka chb21 ni mtoto yule yule wa chb01, alirekodiwa tena mwaka mmoja na nusu baadaye. Waweke upande mmoja.