Zulia jipya na vumbi la Arusha

Kabla ya kulipa, likunje zulia manyoya yakiwa nje. Ukiona kitako chake, yaani kitambaa cha chini kinachoshika nyuzi, waziwazi kati ya nyuzi, liache; manyoya yatalala bapa mapema. Pima sebule, ukiacha kama sentimita 30 kila upande. Jeupe kwa vumbi letu ni kujitesa tu. Chukua la kahawia lenye maua.

Adui mkubwa ni mchanga: ukizama chini, hukata nyuzi kila mtu akikanyaga. Kila wiki litundike nje, ulipige mgongoni. Chai ikimwagika usisugue, utaisambaza. Gandamiza kitambaa cheupe kikavu, kisha kingine chenye maji baridi kidogo.

Julai usilifue zima. Jua ni hafifu, kitako hubaki na unyevu, linavunda. Subiri Januari.